Nani Yuko Wapi? Ufundi wa Mwongozaji katika Filamu za Mapigano

Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya wanafunzi wa sanaa, walimu na wapenzi wa filamu. Unachapishwa kama ulivyosemwa, pamoja na marekebisho machache ya lugha.



Jukwaa hili limezoea wasomi wa ushairi na wa historia, nami si msomi wa lolote kati ya hayo. Ni shabiki wa filamu. Sijaongoza filamu, sijahariri filamu, na mvi hizi mnazoziona hazikutokana na utafiti. Zimeota nikiwa mbele ya skrini. (Kicheko.) Lakini mtu akitazama kitu kwa miaka mingi, akakisimamisha, akakirudisha nyuma, akakitazama tena, mwisho huanza kuona kilivyounganishwa. Hayo niliyoyaona ndiyo niliyokuja nayo.

Lengo langu jioni hii ni moja. Nataka kuonyesha kwamba filamu za mapigano, hizi zinazomeza mamilioni ya dola na kujaza kumbi duniani kote, ndizo zinazoanika ufundi wa mwongozaji kuliko filamu nyingine zozote. Wapo wanaosema kinyume. Wanasema ukitaka kumjua mwongozaji, tazama filamu za watu wanaogombana taratibu sebuleni. Kwenye mapigano kuna fedha na baruti tu. Mimi nawajibu hivi: katika tukio la mazungumzo, mwongozaji dhaifu anaweza kubebwa na mwandishi hodari na mwigizaji mwenye sauti nzuri. Risasi ya kwanza ikilia, maneno yanakoma. Anayebaki kusema nasi ni mwongozaji peke yake: kamera ameiweka wapi, amekata lini, ametuonyesha nini na ametunyima nini.

Swali ninalompimia ni fupi: nani yuko wapi? Mtazamaji akilijua jibu, ataogopa, atatumaini, atakunja ngumi kitini. Asipolijua, hata mji mzima ukilipuliwa ataona moshi tu. Mfikirieni mtangazaji wa mpira redioni. Yule mzuri hukwambia mpira uko wingi ya kulia, beki amepitwa, kipa ametoka. Nawe uliyejilaza kitandani unauona uwanja wote. Yule mbaya hupiga kelele, "Hatari! Hatari! Hatari!", na hujui hatari iko goli gani.

Nina hoja sita, kisha nitasema tunachoweza kufanya.

1. Ramani kwanza, vita baadaye

Nianzie Japani. Mwaka 1954 Akira Kurosawa alitoa Seven Samurai, filamu ya zaidi ya saa tatu kuhusu wanakijiji wanaowaajiri wapiganaji saba wawalinde dhidi ya majambazi 40. Kabla ya vita, Kurosawa anafanya jambo ambalo watayarishaji wengi wa leo wangeliondoa kwa kuhofia kuwa watu watachoka. Anamtembeza kiongozi wa wale saba, Kambei, kuzunguka kijiji akiwa na ramani mkononi. Hapa tutajenga uzio. Hapa tutalifurisha shamba maji. Daraja hili tutalibomoa. Na upande huu tutauacha wazi, kwa sababu tunataka waingilie hapo. Baadaye Kambei anachora viduara kwenye karatasi, kimoja kwa kila jambazi, na kila anapouawa mmoja, kiduara chake kinakatwa kwa wino.

Vita kuu inapofika, mvua inamwagika, farasi wanateleza, matope yamewafunika watu hadi nguo hazitambuliki, na bado mimi na wewe hatupotei. Ule upenyo tunajua uko wapi. Majambazi waliobaki tunajua ni wangapi. Kurosawa ametufanya wakazi wa kijiji kile kabla hajakiingizia vita.

Miaka 34 baadaye, John McTiernan alifanya jambo hilohilo ndani ya jengo refu la Los Angeles. Die Hard ya mwaka 1988 ina polisi mmoja, kundi la majambazi na jengo moja, ambalo katika maisha halisi linaitwa Fox Plaza. Polisi huyo, John McClane, anapita zaidi ya mara moja kwenye korido ya ghorofa ambayo ujenzi wake haujakamilika, na ukutani mafundi wamebandika picha ya msichana. McClane anaitupia jicho. Akipita tena mbio, watazamaji hucheka, na tayari wameshajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba tumerudi ghorofa ileile. Karatasi moja ya kubandika imefanya kazi ya kibao cha njia.

Tazameni pia miguu yake. Mwanzoni kabisa, abiria mwenzake wa kwenye ndege anampa mbinu ya kupunguza uchovu wa safari: vua viatu na soksi, tembea juu ya zulia ukikunja vidole. McClane anafanya hivyo, majambazi wanavamia, na usiku kucha anapigana pekupeku. Muda mrefu baadaye kiongozi wa majambazi, Hans Gruber, anaiona ile miguu mitupu, kisha anawaamuru watu wake wapige risasi vioo. Hapo hapahitaji mlipuko mkubwa. Kuna vioo sakafuni, kuna mtu asiye na viatu, na njia ya kutokea iko ng'ambo ya vioo. Ukumbi mzima hukunja vidole. Uchungu ule haukununuliwa kwa bajeti. Ulipandwa kwenye ndege, tukauvuna ghorofani.

2. Kunyima ni sehemu ya kuonyesha

Mtu asinielewe kwamba kila kitu lazima kionekane. Kujua kitu kilipo na kukiona ni mambo mawili.

Mwaka 1975 zilitoka filamu mbili zilizobadilisha hesabu za sinema katika pande mbili za dunia. Tarehe 20 Juni, Jaws ya Steven Spielberg ilianza kuonyeshwa Marekani katika kumbi zaidi ya 400 kwa mpigo, na tangu hapo kampuni kubwa zikajifunza kuuza filamu kama msimu wa sikukuu. Tarehe 15 Agosti, Sholay ya Ramesh Sippy ilitoka India, na katika ukumbi wa Minerva huko Bombay ilionyeshwa kwa zaidi ya miaka mitano.

Papa wa Jaws alikuwa mtambo. Wafanyakazi walimwita Bruce. Alipoingizwa kwenye maji ya chumvi, akagoma. Upigaji picha uliopangiwa siku 55 ukafika siku 159. Spielberg, ambaye hata miaka 30 alikuwa hajafika, akajikuta na filamu ya papa isiyo na papa. Akafanya nini? Wavuvi wawili wamefunga mnyororo kwenye gati la mbao, chambo kipo majini. Papa anavuta, kipande cha gati kinang'oka na kuburutwa kuelekea baharini pamoja na mvuvi mmoja. Halafu kile kipande cha gati kinasimama. Kinageuka. Kinaanza kurudi, nyuma ya mtu anayeogelea kuelekea ufukweni. Papa hatujamwona hata pezi, lakini tunajua yuko wapi, anatazama upande gani na amebakiza umbali kiasi gani. Baadaye yanakuja mapipa ya njano: pipa likizama, amezama, likiibuka, anakuja.

Katika Sholay, jambazi Gabbar Singh anafika nyumbani kwa Thakur. Watu wa familia wanapigwa risasi mmoja baada ya mwingine, na anabaki mtoto. Sippy anatuachia mlio wa bembea inayokwaruza, huku Gabbar akimkaribia. Bunduki inainuliwa. Mlio, na hapohapo picha inakatwa: treni inaingia stesheni, na Thakur, baba wa nyumba ile, anarudi kwa watu wake bila kujua lolote. Risasi ikimpata mtoto hatukuiona. Tulichooneshwa ni yule anayekuja kuipokea habari.

Wazee waliokulia kumbi za sinema za Avalon, Empire na Empress za mji huu wananielewa. (Naona mzee wangu pale anatabasamu, mlango wa Empire anaujua.) Wengi wenu Kihindi hamkukijua, na kwenye tukio kama lile hamkukihitaji.

3. Kasi haipimwi kwa idadi ya mikato

Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi kuhusu filamu za siku hizi ni kwamba zinakatwa haraka mno. Malalamiko hayo yana ukweli, ila hayajafika kwenye kiini.

Chukueni Mad Max: Fury Road ya George Miller, ya mwaka 2015. Ilikusudiwa kupigwa Australia, mvua zikanyesha jangwani hadi maua yakachanua, ikabidi wahamie Namibia. Ina mikato takriban 2,700 katika dakika 120, maana yake picha moja haidumu hata sekunde tatu. Kwa hesabu hiyo tungepaswa kuumwa kichwa. Badala yake kila kitu kinaeleweka: nani yuko juu ya lori, nani yuko chini yake, pikipiki zinatokea upande gani.

Siri yake ni nidhamu. Miller na mpiga picha wake, John Seale, waliweka kila jambo muhimu katikati ya fremu. Jicho linapokuwa katikati kwenye picha hii, picha ijayo inalikuta palepale. Halilazimiki kuhangaika kutafuta. Mhariri alikuwa Margaret Sixel, mke wa Miller, ambaye hakuwahi kuhariri filamu ya mapigano kabla ya hapo. Alipewa mamia ya saa za picha, akatoka na tuzo ya Oscar. Na hadithi yenyewe ni mstari ulionyooka: wanakwenda, wanageuza, wanarudi walikotoka. Hata aliyesinzia akiamka, anajua gari linaelekea wapi.

Sasa mchukueni Paul Greengrass na The Bourne Ultimatum ya mwaka 2007. Huyu alitokea kwenye vipindi vya uchunguzi vya televisheni ya Uingereza, na kamera yake hutikisika kama iliyobebwa na mwandishi wa habari anayekimbia. Mikato yake ni ya haraka kuliko ya Miller, wastani wa takriban sekunde mbili. Hakuna kilichotulia katikati ya fremu. Mbona basi tukio la stesheni ya Waterloo linatushika koo?

Kwa sababu ramani ameiweka masikioni. Jason Bourne amemtumbukizia mwandishi wa gazeti simu mfukoni, naye anamwelekeza hatua kwa hatua: tembea, simama, inama ufunge kamba za viatu. Umati unapita, kamera inayumba, lakini ile sauti inatuambia kila sekunde nani yuko wapi na nani anamwona nani. Kwa upande mwingine, wakubwa wa ujasusi wanaitazama stesheni hiyohiyo kupitia kamera za usalama, kwa hiyo tunaipata ramani ya pili kutoka juu. Mwandishi yule anapoingiwa na hofu na kuacha kusikiliza, anauawa. Kupotea kwenye ramani, katika tukio lile, ndiko kufa.

Kisha wakaja waigaji. Waliiona kamera inayotikisika, hawakuisikia sauti ya simu. Katika Taken 3 ya mwaka 2014, Liam Neeson anaruka uzio wa waya. Tendo lenyewe ni la sekunde chache, na limekatwa zaidi ya mara 10: mkono, waya, mguu, uso, waya tena. Ukimaliza kulitazama hujui kama aliruka uzio au uzio ulimruka yeye. (Kicheko.) Mnacheka, lakini kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa mtindo, na watu walilipia tiketi.

4. Mwili uonekane, na uzito wake uonekane

Hong Kong ilikuwa na fedha kidogo kuliko Hollywood, na ilikuwa na kitu ambacho fedha hushindwa kununua: watu waliojua kupigana na kuanguka. Waongozaji wa kule wakajifunza kurudi nyuma na kamera ili mwili wote uenee, kichwa hadi unyayo.

Mwisho wa Police Story ya mwaka 1985, Jackie Chan, ambaye ndiye mwongozaji na ndiye mwigizaji, yuko juu kwenye jengo la maduka. Adui yuko chini. Katikati hakuna ngazi ya karibu. Kuna nguzo iliyozungushiwa taa za mapambo. Anairukia, anateleza ghorofa baada ya ghorofa huku taa zikipasuka, na chini anapita kwenye paa la kioo. Kisha anatuonyesha tena, kutoka upande mwingine. Na tena. Viganja vyake viliungua kweli. Kurudia kule ni mtindo wa mtu anayejua kwamba tendo lenyewe linatosha. Mikato haikuletwa kuficha kitu.

John Woo alitumia uwezo huo kwa namna nyingine. Katika Hard Boiled ya mwaka 1992, polisi wawili wanapita kwenye korido za hospitali wakipigana, na kamera inawafuata kwa takriban dakika mbili na nusu bila mkato hata mmoja. Katikati wanaingia kwenye lifti, mlango unafunga, wanazungumza kidogo, mlango unafunguka na wako ghorofa nyingine. Ukweli ni kwamba lifti haikwenda popote. Wakati wale wawili wakizungumza, wafanyakazi walikuwa wakikimbizana nje ya mlango, wakifagia vifusi na kuipanga upya korido ileile ionekane nyingine. Wanafunzi wangu, tukio lile lilitegemea mifagio!

Mkondo huo ulirudi Hollywood kupitia mlango wa nyuma. Chad Stahelski alikuwa akichukua nafasi ya Keanu Reeves kwenye matukio ya hatari ya The Matrix, iliyotoka 1999. Mwaka 2014 akiwa mwongozaji alitoa John Wick na Reeves yuleyule. Mtu ambaye mwili wake mwenyewe ulikuwa ukirushwa ukutani anajua kinachopotea mkato unapokuja mapema. Kwa hiyo alimfanyisha Reeves mazoezi ya miezi, akarudisha kamera nyuma, akaacha picha idumu. Unamwona akiishiwa risasi, unamwona akibadili magazini, na unajua kwa muda huo hana kinga.

Najua humu wamo mashabiki wa Christopher Nolan, naomba mnivumilie. Mapigano ya mikono katika Batman Begins ya mwaka 2005 ni vivuli vinavyogongana. Lakini miaka mitatu baadaye, katika The Dark Knight, aliamua kulipindua lori kubwa katikati ya mtaa wa Chicago, lori la kweli kwenye barabara ya kweli. Trela inanyanyuka kwa nyuma, inasimama wima baina ya maghorofa, inaanguka kifudifudi. Kamera haihangaiki, inatulia na kulipa lori nafasi yake. Wanaosema kompyuta ndiyo iliyoharibu filamu waikumbuke Fury Road, iliyojaa kazi za kompyuta na bado kila gari lina uzito. Kompyuta hufanya kile mwongozaji alichokifikiria. Akiwa hakufikiri kitu, humfanyia hichohicho.

5. Kila kitu kikiwa kikubwa, hakuna kikubwa

Huwezi kuzungumzia filamu hizi ukamkwepa Michael Bay. Sitajiunga na wanaomdhihaki. Bay ana mtindo, tena unaotambulika kwa sekunde tano: jua la machweo, jasho, kamera iliyo chini ikiwazunguka mashujaa wanaoinuka taratibu. Aliitumia picha hiyo katika Bad Boys ya mwaka 1995 na wengi wakaiiga. Alitokea kwenye matangazo ya biashara na video za muziki, na amebaki na kipaji cha fani hizo: kukifanya kitu chochote kionekane cha thamani ndani ya muda mfupi.

Tatizo lake linatoka hapohapo. Tangazo la sekunde 30 halihitaji kitu kidogo cha kukuandalia kikubwa. Lote ni kilele. Filamu ya saa mbili na nusu inahitaji. Katika Transformers ya mwaka 2007, mhusika akishuka garini, kamera inamzunguka kama mkombozi. Roboti likianguka kwenye jengo, kamera inazunguka vilevile. Mwisho, mji unapobomolewa, mwongozaji hana cha kuongeza, kwa kuwa alishatumia kila alichonacho kwenye kumtoa mtu garini. Roboti zenyewe zina vipande vingi vinavyosogea kwa pamoja, na zikishikana karibu na kamera, adui na rafiki ni rundo moja la vyuma.

Linganisheni na Kurosawa. Kwa saa nzima wapiganaji wake wanakula wali, wanabishana, wanamcheka mmoja wao. Vita inapokuja, kila anayeanguka ni mtu tunayemjua. Mtindo, kwa hiyo, ni kujua wakati wa kuutumia na wakati wa kuuweka pembeni. Bay anajua kupiga picha nzuri ajabu. Kusubiri ndiko kunakomshinda.

6. Hakimu alikuwa kibandani

Hoja yangu ya mwisho inatuhusu sisi. Tumezoea kudhani kwamba wajuzi wa filamu wako kwingine, nasi ni walaji tu. Mimi naamini vibanda vya video vya Afrika Mashariki vilikuwa mahakama kali ya waongozaji kuliko makongamano mengi.

Kumbukeni mazingira. Televisheni moja ndogo, mabenchi, watu wamebanana. Mkanda umenakiliwa kutoka kwenye mkanda ulionakiliwa. Rangi zimechuja, nyuso zimefifia. Lugha ni Kiingereza, au Kikantoni, au Kihindi. Filamu ambayo haikusomeka kwa mpangilio wa picha peke yake ilikufa palepale, na watu wakadai ibadilishwe. Iliyobaki hai ni ile ambayo mtoto wa nyuma, anayechungulia katikati ya mabega mawili, aliweza kukueleza steringi yuko wapi na adui anatokea wapi.

Hilo si jambo dogo. Mwaka 2014 Steven Soderbergh, mwongozaji wa Marekani, aliichukua Raiders of the Lost Ark ya Spielberg, akaondoa rangi, akaondoa mazungumzo, akaiweka hadharani ili watu wajifunze jinsi matukio yalivyopangwa. Alisifiwa kwa ubunifu. Jamani, kwetu zoezi hilo lilifanyika kila jioni kwa sababu mkanda ulikuwa mbovu. (Kicheko na makofi.)

Wakaja wasimulizi. Hapa Dar es Salaam tulikuwa na Lufufu. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana mavijei wao. Watu husema kazi yao ilikuwa kutafsiri. Wasikilizeni vizuri. Mara nyingi hawatafsiri sentensi yoyote. Wanasema: huyu ndiye mkubwa wao, yule mwenye koti ni msaliti, tazama mlango wa nyuma. Mwongozaji alipoacha pengo kwenye ramani, msimulizi alilijaza. Na mwongozaji alipoifanya kazi yake vizuri, msimulizi alipata nafasi ya kutania. Ukitaka kujua filamu imeongozwa vipi, sikiliza msimulizi alikuwa na muda kiasi gani wa mizaha.

Kutoka kwenye utamaduni huo, Isaac Nabwana, anayejulikana kama Nabwana I.G.G., alianza kutengeneza filamu za mapigano katika mtaa wa Wakaliga, Kampala. Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010, ilitengenezwa kwa fedha kidogo mno, kwa silaha za kubuni na kompyuta za kuungaunga, na leo inatazamwa na watu wa mabara yote. Sauti ya msimulizi VJ Emmie iko ndani ya filamu yenyewe kama sehemu yake, ikitania na kuelekeza. Wageni huona kichekesho. Mimi naona mwongozaji aliyeelewa watazamaji wake wamefunzwa wapi.

Tuendako

Ndugu zangu, nimesema kwa hoja sita kwamba ufundi wa mwongozaji kwenye filamu hizi ni kumfanya mtazamaji ajue mahali, umbali na uzito, na kujua wakati wa kumnyima. Mtaona kwamba karibu yote hayo hayana bei. Ramani ya Kambei ni karatasi. Picha ya ukutani ya Die Hard ni karatasi. Lifti ya Woo haikwenda popote. Kisingizio kwamba hatuna bajeti ya Hollywood kinafika mahali kinaisha.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwa wanafunzi wanaotaka kuongoza. Tengenezeni pambano la dakika mbili kwa simu: watu wawili, chumba kimoja, mlango mmoja, kitu kimoja wanachokigombania. Kabla ya kupiga picha, choreni chumba kwenye karatasi na muweke alama kamera itakaa wapi. Msiweke muziki wala maneno. Mkimaliza, muonyesheni mtu ambaye hakuwepo, kisha mwambieni achore chumba kile. Akikosea mlango ulipo, rudieni.

La pili ni kwa wanaoandika magazetini na kuzungumza redioni. Tunamjadili steringi tu: amevaa nini, ameoa nani. Tuanze kumtaja mwongozaji, mhariri na yule aliyepanga mapigano, kwa filamu za nje na za kwetu. Mwongozaji wa Kitanzania ambaye hajawahi kuandikiwa kwa nini tukio lake la feri au la kituo cha daladala halikueleweka, atalirudia vivyo hivyo kwenye filamu ijayo, na kosa litakuwa la kwake na letu.

La tatu ni kwetu sote. Vibanda vingi vimefungwa, na kila mtu anatazama peke yake kwenye simu. Tumepoteza ule mnong'ono wa jirani anayeuliza, "Huyu katokea wapi?" Mwenyekiti wetu wa jioni hii amekubali ukumbi huu utumike Jumamosi moja kila mwezi, filamu itazamwe na kisha ijadiliwe kwa Kiswahili. Tutaanza na Seven Samurai, mwezi unaofuata Sholay, ili muone jinsi wazo la wapiganaji wa kukodiwa lilivyosafiri kutoka kijiji cha Japani hadi kijiji cha India. Mwezi wa tatu hautakuwa na filamu ya mgeni. Tutatazama zile dakika mbili za wanafunzi, zote zitakazoletwa. Wanaotaka kushiriki waandikishe majina mlangoni kabla hawajaondoka.

Sasa niko tayari kwa maswali, tukianzia na mashabiki wa Nolan, maana mikono yao naiona imeshanyooshwa.